Uoni Mbali: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kwenda Kupima Macho

Kabla hujatoka nyumbani, jua kwamba kusoma herufi za ubaoni hadi mstari wa mwisho si ushahidi kwamba macho ni mazima. Mwenye uoni mbali husumbuliwa na vya karibu, na mtoto anaweza kuvimudu hata hivyo, kwa kuwa lenzi ya jicho lake bado laini na misuli yake hujikaza kutwa nzima kufidia kasoro. Anaona, lakini kwa jasho.

Jicho la mtu mzima lina urefu wa takriban milimita 24 kutoka mbele hadi nyuma. Likiwa fupi kuliko inavyopasa, au konea yake, yaani kioo cha mbele cha jicho, ikiwa bapa mno, mwanga hufika kwenye retina, utando wa nyuma unaopokea picha, kabla haujakusanyika mahali pamoja. Pungufu ya milimita 1 tu hudai lenzi ya dayopta 3 hivi (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi). Mara nyingi ni maumbile ya kurithi, kwa hiyo usimlaumu mtoto kwamba amejiharibu kwa simu. Wachanga wengi huzaliwa na hali hii kidogo, ikapungua jicho linapokua.

Siku chache kabla ya miadi, keti na mtoto anaposoma. Je, baada ya dakika ishirini anafikicha macho, anashika paji la uso, anaruka mstari? Kichwa kinamuuma asubuhi au baada ya masomo? Andika. Ukiona jicho moja linageuka kuelekea puani, usingoje miadi ya mbali. Ubongo unaweza kuanza kulipuuza jicho hilo, na tiba hufaulu zaidi utotoni.

Beba miwani ya zamani, orodha ya dawa zinazotumiwa, na habari za makengeza au presha ya macho katika ukoo. Mwenye kisukari aseme, maana sukari ikipanda au kushuka, namba ya miwani nayo huyumba.

Linalokataliwa sana na wazazi ni matone ya kulegeza misuli ya jicho, nami nawasihi wasiyakatae. Bila matone hayo, misuli ya mtoto huficha kasoro na kipimo hutoka pungufu. Yanawasha kidogo, mboni hupanuka, mwanga hukera na vya karibu hufifia kwa saa kadhaa, pengine siku nzima. Atropini, aina mojawapo ya matone hayo, hukaa siku nyingi zaidi. Basi chukua kofia au miwani ya jua, na mtu mzima aliyetiwa matone asiendeshe gari. Mwambie daktari mapema kama umewahi kupata maumivu makali ya jicho pamoja na kuona duara za rangi kuzunguka taa, kwani jicho fupi huwa katika hatari zaidi ya presha ya ghafla.

Aliyevuka miaka 40 na kuanza kusogeza maandishi mbali huenda ana lenzi iliyokakamaa kwa umri. Dalili zinafanana, chanzo ni kingine.

Tiba ya kawaida ni miwani ya lenzi mbinuko, yenye alama ya kujumlisha kwenye karatasi ya vipimo. Lenzi za kuvaa juu ya jicho na upasuaji wa leza ni njia za watu wazima zaidi. Mtoto akilalamika siku za mwanzo kwamba vya mbali vina ukungu, usimvue miwani. Misuli iliyozoea kukaza inajifunza kulegea. Mwambie na mwalimu wake, asije akamruhusu kuiweka mfukoni.