Kabla Hujang'oa Milango ya Volkswagen Kuukuu

Kung'oa milango ya Volkswagen Beetle ni kazi ya asubuhi moja. Kuirudisha ndiko kunakomtoa mtu jasho. Mimi ilinila wikendi tatu nyuma ya nyumba huko Buruburu, Nairobi, na hadi leo mlango wa kushoto haufungi mpaka uubamize. Kwa hiyo nitakayoyasema yote ni ya kabla skrubu ya kwanza haijalegea.

Kwanza lala chini ukague vizingiti, yale maboksi marefu ya chuma yanayopita chini ya milango na kupeleka hewa ya moto mbele. Katika gari hili ni sehemu ya uti wa mgongo wa bodi, na ndiko kutu hupenda kujificha. Dungadunga kwa ncha ya bisibisi. Ikizama, acha milango mahali ilipo, maana mlango ndio rula yako: ndio utakaokuonyesha kama kizingiti kipya kimekaa sawa au kimeenda upande. Mimi nilitoa milango kwanza, fundi akakata vizingiti bila kuchomelea paipu ya kushikilia nguzo za bodi zilizo mbele na nyuma ya mlango. Tulipotaka kurudisha, uwazi wa mlango ulikuwa umebana. Paipu hiyo ichomelewe kwa ndani, ili mlango uweze kujaribiwa ukiwa umefungwa.

Kisha pima. Pima nafasi kati ya mlango na bodi juu, katikati na chini, halafu pima uwazi wenyewe kwa mshazari, pembe hadi pembe, pande zote mbili. Andika kwenye daftari, kwa sababu simu hupotea na chaki hufutika. Chora mstari kwa msumari kuzunguka kila bawaba pale inapokutana na nguzo. Ukikuta vibati vyembamba nyuma ya bawaba, usivichanganye. Vya juu kulia virudi juu kulia. Mifuko midogo ya plastiki na kalamu ya wino mzito vinatosha.

Skrubu za bawaba zina vichwa vya msalaba, na zimekaa hapo miaka hamsini au zaidi zikipakwa rangi juu ya rangi. Bisibisi ya kawaida itazila vichwa, na hapo utaishia kutoboa kwa drili. Tafuta ile bisibisi ya kupigwa na nyundo, inayozunguka kila ikigongwa. Ukienda Barabara ya Kirinyaga, penye maduka ya vipuri jijini Nairobi, ambayo wengi bado tunaiita Grogan, ulizia huko. Kwangua rangi ndani ya msalaba, nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu jioni, na urudie asubuhi.

Fundi atakwambia, "Leta moto tu, boss." Mkatalie. Tangi la petroli la Beetle liko mbele, chini ya boneti, karibu kabisa na nguzo hizo za bawaba. Kama ni lazima moto utumike, au kama kuna kuchomelea, tangi litoke kwanza na lipelekwe mbali, na betri, ambayo imejificha chini ya kiti cha nyuma, ifunguliwe nyaya.

Siku yenyewe uwe na mtu wa pili, si mtoto. Ondoa kile chuma kinachozuia mlango usifunguke kupita kiasi, tegemeza mlango kwa jeki yenye ubao na blanketi juu yake, legeza bawaba ya chini kwanza, ya juu iwe ya mwisho. Ukianza na ya juu, mlango utainama nje na kukwangua bodi, au kukuangukia mguuni.

Jambo la mwisho ni mahali pa kuiweka milango. Usianze Machi wala Oktoba kama huna paa. Mvua itaingia kwenye uwazi na kuloweka sakafu uliyotaka kuiokoa. Mlango usimamishwe kwa ukingo wake wa chini juu ya zulia kuukuu, usilazwe ukabebeshwa vitu. Wala usiuache uani: wanunuzi wa vyuma kuukuu hupita na mikokoteni, na kwao mlango ni kilo tu. Yangu ilikaa chumba cha wageni hadi Desemba, shemeji alipokuja kutoka Kakamega akauliza kama gari lililobaki lingekuja kulala pia.