Usianze na asilimia: namna ya kujadili mkataba wa hali bora mkiwa wafanyakazi wa supamaketi

Supamaketi nyingi za huku Kigoma si kubwa. Ninayofanyia kazi, hapa Mwanga, ina mashine mbili za kulipia, stoo moja, majokofu manne na wafanyakazi kumi na tisa ukimwondoa meneja. Mimi ni keshia, na ni katibu wa tawi la chama. Wenzangu wa maduka mengine wakinijia kuuliza juu ya mkataba wa hali bora, yaani mkataba wa mshahara na masharti ya kazi ambao chama kinasaini na mwajiri kwa niaba ya wote, swali huwa moja: "Dada, tudai nyongeza ya asilimia ngapi?" Nawajibu wasidai asilimia yoyote kwanza, na wengi hawalipendi jibu hilo.

Kwetu watu wa dukani hela nyingi haipotelei kwenye mshahara. Inapotelea kwenye saa zisizoandikwa popote, kwenye shoti (upungufu wa hela ya droo unaokatwa kwa keshia), na kwenye nauli ya usiku. Ukienda mezani na "tuongezewe asilimia kumi" tu, bosi atatoa tano, mtapeana mikono na kupiga picha, halafu mwezi unaofuata ile tano inarudi kwake kidogo kidogo bila mtu kuiona.

Muwe wengi kabla ya kuongea

Chama kinachoandikisha watu wa biashara na viwanda ni TUICO. Kujiunga ni kujaza fomu, TUF 6, inayomruhusu mwajiri kukata ada kwenye mshahara na kuipeleka chamani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, Sura ya 366, inasema chama chenye wanachama zaidi ya nusu ya kundi linalohusika kina haki ya kutambuliwa kuwa wakala pekee wa majadiliano, yaani ndicho kinachojadiliana na mwajiri kwa niaba ya kundi zima. Sisi kumi na tisa tulihitaji kumi. Meneja mkuu hahesabiwi, lakini supavaiza wa zamu si menejimenti ya juu, kwa hiyo msimwache nje kwa sababu tu anashika funguo.

Fomu msijaze kaunta, mbele ya kamera. Mwenye woga mwambieni ukweli kwamba kumwachisha mtu kazi kwa kuwa ni mwanachama si sababu halali kisheria, na afisa wa chama ana haki ya kuingia eneo la kazi kuonana na wanachama wake. Mkifika kati ya kumi na ishirini mnachagua wawakilishi watatu, na kwa kuwa dukani kuna wanawake, lazima awepo anayewawakilisha wao. Huku kwetu hilo halina ubishi, maana wanaume ni wale wa stoo na mlinzi.

Chama kikishapeleka taarifa rasmi ya kuomba kutambuliwa, mwajiri ana siku 30 za kukutana nacho. Akikaa kimya au akikataa, suala linakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wote tunaiita CMA. Taarifa ipelekeni kwa mkono na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Usitume kwa WhatsApp ukadhani imefika.

Daftari la saa

Hapa ndipo pa kutumia muda. Nunueni daftari dogo kwa kila mtu, na kwa wiki nne kila mmoja aandike saa aliyoingia, saa aliyokwenda kula, saa aliyorudi na saa aliyotoka getini. Getini, si saa aliyofunga mashine. Baada ya kufunga mashine kuna kuhesabu droo, kuna kupanga rafu za maji, kuna kusubiri lori linalopakuliwa sukari, na muda wote huo ni kazi.

Kiwango cha sheria ni siku sita kwa wiki na saa 45, zisizozidi 9 kwa siku, bila kuhesabu mapumziko. Ukifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo unadai mapumziko ya dakika 60. Zaidi ya 45 ni ovataimu, na inalipwa mara moja na nusu. Siku ya mapumziko ya wiki na sikukuu ya taifa, ukifanya kazi, unalipwa mara mbili.

Tuchukue keshia wa mshahara wa Sh 234,000. Gawanya kwa 4.333 upate wiki, kisha gawanya kwa 45 upate saa: inakuja Sh 1,200 hivi. Ovataimu yake ni Sh 1,800 kwa saa. Huyu anaingia saa 1:30 asubuhi na kutoka saa 11 jioni. Toa saa moja ya kula, amefanya saa nane na nusu. Mara siku sita ni saa 51. Saa sita za ziada kwa wiki ni Sh 10,800; kwa wiki nne ni Sh 43,200. Sasa linganisha na ile asilimia kumi mliyokuwa mnaililia: asilimia kumi ya 234,000 ni Sh 23,400. Ovataimu ambayo hakuna anayeidai ni karibu mara mbili ya nyongeza mnayoiombea dua.

Nilipoiweka hesabu hiyo kwenye karatasi moja, jina la kila mtu na saa zake, meneja hakubisha juu ya mshahara. Alibisha juu ya daftari. Ndiyo maana liandikwe kila siku, na ikiwezekana mlinzi wa getini aweke saini.

Zamu ya usiku ina hesabu yake. Usiku kisheria ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na nyongeza yake ni angalau asilimia 5 ya mshahara wa saa. Kwa keshia wetu ni Sh 60 kwa saa. Tukifunga saa 4 usiku anapata Sh 120. Kwa hela hiyo hupandi hata kariea ya baiskeli, sembuse bodaboda ya kwenda Ujiji au Gungu. Kwa hiyo usipoteze nguvu kupigania asilimia ya usiku. Dai usafiri: duka likodi bajaji au litumie gari lake la mizigo kuwafikisha watu nyumbani kila wakifunga baada ya saa 2, na iandikwe hivyo kwenye mkataba, kwa majina ya mitaa. Kwa dada zetu hili ni suala la usalama, na hata bosi mgumu analielewa.

Shoti

Asiyewahi kukaa kaunta hajui jambo hili. Saa ya kufunga unatoa ripoti ya mashine, unamwaga droo, unapanga noti, unahesabu sarafu za mia mbili mbili mara ya pili kwa sababu mara ya kwanza kuna mtu alikuuliza kitu. Mashine inasema 612,500. Mkononi una 606,000. Sh 6,500 inaandikwa kwenye daftari la shoti mbele ya jina lako, na mwisho wa mwezi inakatwa. Mara nyingine kosa ni lako. Mara nyingine supavaiza alichukua hela ya kulipia maji akasahau kuacha karatasi. Siku hizi kuna na la Lipa Namba, yaani malipo ya simu: mteja anaonyesha ujumbe kwenye simu yake, foleni ni ndefu, unampa risiti, kumbe hela haikuingia.

Sheria haimkatazi mwajiri kukata, ila imemwekea masharti. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lako. Akuandikie chanzo chake, kiasi na namna alivyokipata. Akupe nafasi ya kupinga. Makato yasizidi hasara yenyewe, na kwa jumla yasizidi robo ya ujira wako. Masharti hayo yaingizeni kwenye mkataba kwa lugha ya duka lenu. Vipengele vya kupigania ni hivi: droo ihesabiwe na watu wawili wakitia saini palepale, droo moja, keshia mmoja, na mwingine akiingiza mkono iandikwe, malipo ya simu yasiitwe shoti mpaka taarifa ya akaunti ya siku hiyo iangaliwe, na upungufu mdogo wa siku, kiasi mtakachokubaliana, uwe wa duka. Bidhaa zilizopitwa na muda, na maziwa yaliyoharibika umeme ulipokatika, zisimguse mfanyakazi kabisa. Jokofu si letu.

Mimi naona kipengele cha shoti kina thamani kuliko posho ya chakula, ingawa wenzangu wa stoo hawakubaliani nami. Wao hawakai kaunta.

Mshahara na mafao

Kwa mshahara, tafuteni kwanza amri ya kima cha chini. Amri ya 2022, iliyoanza Januari 2023, iliweka Sh 150,000 kwa mwezi kwa biashara na viwanda. Kabla yake, tangu 2013, ilikuwa Sh 115,000. Amri nyingine imeanza 1 Januari 2026, na wastani wa sekta binafsi umepanda kwa asilimia 33.4. Chapisheni jedwali, mpige mstari penye sekta yenu. Bosi akiwapandisha kufika pale, hapo hajawaongezea chochote, ametii amri. Nyongeza mnayoijadili inaanzia juu ya hapo. Na mpandisho uende kwa madaraja: mwaka mmoja, miaka mitatu, miaka mitano ya kazi.

Angalizo: msikubali "wa zamani wabaki hivi, wapya waanze chini." Kule kusini mwa California, Marekani, wafanyakazi wa supamaketi wa chama cha UFCW waligoma kuanzia Oktoba 2003 hadi mwishoni mwa Februari 2004, zaidi kwa sababu ya bima ya afya, na mkataba uliomaliza mgomo uliwaweka wapya kwenye viwango vya chini kuliko wa zamani. Mkiwa kaunta moja na mishahara miwili, wapya hawaoni sababu ya kulipa ada ya chama, na bosi hana sababu ya kumpenda mkongwe.

Kwenye mafao, mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara kwa jumla, na anachokatwa mfanyakazi kisizidi 10. Kila mtu aangalie kama michango yake imefika kweli, kwa sababu kukatwa na kupelekwa ni vitu viwili. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi analipa mwajiri peke yake. Ukiuona kwenye hati yako ya mshahara, uliza. Likizo ya siku 28, uzazi siku 84 (100 kwa mapacha), ugonjwa siku 126 katika miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara: haya yapo tayari kisheria, msiyanunue upya mezani kwa kuachia kitu kingine. Nunueni yasiyokuwepo: bima ya afya yenye mwenza na watoto, sare na viatu viwili kwa mwaka, kiti cha keshia, na gharama za msiba, yaani sanduku, sanda na kusafirisha mwili. Nusu ya dukani kwetu ni watu wa Kasulu na Kibondo, na harambee za msiba zimetumaliza.

Mezani

Muwe watu wanne: keshia, mtu wa stoo, mwandishi wa muhtasari na afisa wa chama. Aongee mmoja. Mkikwama ombeni dakika kumi nje, msibishane mbele ya bosi. Salamu zisikosekane, hapa mjini tunajuana, huyo mzee mtakutana naye msikitini au harusini Jumamosi.

Akisema duka halina hela, mwombeni takwimu. Mwenye kujadiliana kwa nia njema anadaiwa kisheria kutoa taarifa zinazohusu majadiliano. Msichukue karatasi za stoo kwa siri, mtampa sababu ya kuwafukuza. Akisema "tuaminiane tu," mjibuni kwa upole kwamba mnamwamini, ndiyo maana mnaandika.

Mkishindwana, mgogoro unapelekwa CMA, usuluhishi una siku 30. Mgomo halali unakuja baada ya hapo: kura ambayo wengi wa waliopiga wameunga mkono mgomo, na notisi ya saa 48 kwa mwajiri. Kusimama mlangoni kuzuia wateja hairuhusiwi. Mwajiri naye haruhusiwi kuleta vibarua wa kujaza nafasi zenu. Kwa duka la watu kumi na tisa mimi nisingekimbilia huko. Usuluhishi unatosha mara nyingi, kwa kuwa mwajiri hapendi kuitwa na Tume wiki ya sikukuu.

Kusaini

Mkataba uwe wa maandishi na unaanza kufunga pande zote saini ya mwisho ikiwekwa, isipokuwa wenyewe mkiandika tarehe nyingine. Unawahusu hata wasio wanachama walio kwenye kundi lenu. Nakala iende kwa Kamishna wa Kazi. Andikeni tarehe ya kuisha, na kwamba majadiliano mapya yataanza miezi mitatu kabla yake. Bila kipengele hicho mtasukumwa mwaka mzima mkiambiwa bosi yuko Dar. Nakala nyingine bandikeni stoo, karibu na ratiba ya zamu, na kila anayeajiriwa apewe yake siku anapopewa sare.