Namna ya Kuitazama The Plague Dogs Bila Kuumia Bure

Usimwekee mtoto filamu hii. Naanza na hilo kwa sababu mimi nilimwekea. Mtoto wa dada yangu alikuwa na miaka 8, nimeachiwa nimwangalie jioni moja, nikaona kwenye kasha mbwa wawili wa kuchorwa, nikasema hii katuni itatufaa. Mara tu inapoanza, mbwa mkubwa mweusi anaogelea ndani ya tangi la maabara. Anachoka. Anazidi kuchoka. Anazama, na watu wapo pale pale wanamtazama. Mtoto akanishika mkono: "Mjomba, mbona hawamtoi?" Nilipoipata rimoti nilikuwa nimeshachelewa. Usiku ule alilala taa ikiwaka, na mimi nilikaa mlangoni mpaka aliposinzia.

Tangu siku ile nimeitazama mara nyingi. Nimekuwa msaidizi wa daktari wa mifugo kwa miaka 12, mbwa ndio watu wangu wa kila siku, na sijaona katuni nyingine iliyowatendea haki namna hii. Ni filamu ya kutazamwa, ila inataka maandalizi.

Ujue kwanza unaingia wapi. Ilitoka mwaka 1982, ikaongozwa na Martin Rosen kutokana na riwaya ya Richard Adams ya mwaka 1977. Mbwa wawili, Rowf, yule mweusi wa kwenye tangi, na Snitter, wanatoroka kwenye kituo cha utafiti katika milima ya Lake District, Uingereza. Njaa inawafanya waue kondoo. Kisha uvumi unaenea kwamba huenda wana vijidudu vya tauni, na kuanzia hapo hakuna anayewatafuta ili kuwarudisha, wanatafutwa wauawe. Usitegemee alama ya umri iliyo kwenye kasha kukupa picha ya yaliyomo. Rosen huyo huyo aliitengenezea filamu riwaya nyingine ya Adams, ile ya sungura, Watership Down, mwaka 1978, na huko Uingereza ikapewa alama ya U, yaani inafaa watu wote, pamoja na damu yake yote. Ilipita zaidi ya miaka 40 ndipo ikapandishwa kuwa PG, yaani mzazi aamue kwanza kama inamfaa mtoto.

Tafuta toleo refu, la dakika 103. Lipo pia la dakika 86, na wengi wanalitazama hilo bila kujua kuwa limekatwa. Moja ya vilivyokatwa ni picha ya maiti ya mtu aliyekodiwa kuwapiga risasi, baada ya mbwa kuila. Najua inatisha. Lakini ukiiondoa picha ile, njaa ya wale mbwa inabaki kuwa habari ya kuambiwa tu, nawe hutaelewa wamefikishwa wapi.

Washa maandishi ya chini hata kama Kiingereza chako ni kizuri. Kuna mbweha anayeungana nao njiani na kuwafundisha kuishi porini, naye anazungumza lahaja ya kaskazini-mashariki mwa Uingereza, nzito kwelikweli. Mara ya kwanza nilikosa nusu ya maneno yake, nikamwona mjanja tu. Niliposoma alichokuwa akisema nikagundua kuwa ndiye peke yake anayewaambia ukweli tangu mwanzo hadi mwisho.

Kama una mgeni, mwambie mapema yaliyomo. Wapo wanaosema ukimwambia mtu umemharibia. Mimi nasema mtu aliyetoka kumzika mbwa wake ana haki ya kuchagua. Mbwa wangu Doa alipokufa, akiwa na miaka 14, sikuigusa filamu hii karibu mwaka mzima. Mwambie kuna tangi la maji. Mwambie watapita mbele ya vizimba vya wanyama wengine wa majaribio, kisha wajifiche ndani ya tanuri la kuchomea mizoga. Na mwambie kuhusu mtu mwingine mwenye bunduki, kwa maana hapo ndipo wengi wanapovunjika.

Nieleze kidogo. Snitter alikuwa na bwana wake, akampenda, na anaamini ni yeye aliyemsababishia kifo. Baada ya hapo akaishia maabara, wakampasua kichwa. Kiraka anacho kichwani muda wote, na akili yake inakuja na kuondoka. Lakini hajaacha kutafuta bwana mwingine. Siku moja anamwona mtu mwenye bunduki, mtu anamwita kwa upole, na Snitter anamkimbilia kwa furaha yote aliyobakiwa nayo. Anamrukia jinsi mbwa anavyomrukia ampendaye. Mguu wake unagusa kifyatulio.

Usiisimamishe filamu hapo kwenda kuchemsha maji. Nimeona watu wakifanya hivyo, wakirudi wamejikaza, na yanayofuata hayawaingii tena. Kama lazima mpumzike, pumzikeni mapema zaidi, mbwa wakiwa bado wanazunguka milimani na mbweha.

Sasa jinsi ya kutazama kwenyewe. Watazame miili kabla ya kusikiliza maneno. Hawa ni mbwa: hawavai nguo, hawatembei kwa miguu miwili. Kazini kwangu nimejifunza kuwa mbwa mwenye hofu mara nyingi halii. Analamba midomo ingawa hajala kitu, anapiga miayo ingawa hana usingizi, masikio yanalala nyuma, mkia unashuka, uzito wake wote unahamia miguu ya nyuma kana kwamba sakafu mbele yake imekatika. Mbwa aliyezoea kuumizwa anaacha hata kukwepa sindano; anakuangalia tu. Ukishayajua hayo, mtazame Rowf kila penye maji, na umtazame kila penye mtu. Halafu mtazame Snitter kila anaposikia sauti ya binadamu, jinsi anavyotaka kwenda. Mmoja ameshakata tamaa na watu, mwenzake hawezi kukata tamaa, na wanatembea pamoja usiku na mchana. Ugomvi wao wote unatoka hapo.

Sikiliza pia sauti za watu. Mara nyingi utazisikia huku unaona milima tu: wanapigiana simu, wanalaumiana, wanapanga la kuwaambia waandishi wa habari. Mara ya kwanza niliona zinachosha. Usiziruke. Mbwa hawajui neno hata moja la yale yanayoamuliwa juu yao, na wewe unayajua yote.

Watu huniuliza kama tangi lile ni la kubuni. Kituo cha kwenye filamu ni cha kubuni. Lakini mwaka 1957 mwanasayansi wa Marekani, Curt Richter, alichapisha majaribio ambayo ndani yake panya walitiwa kwenye vyombo vya maji wasivyoweza kutoka, ili ionekane wanazama baada ya muda gani. Baadhi ya panya wa porini walikufa ndani ya dakika chache. Waliowahi kutolewa kidogo kisha kurudishwa waliogelea muda mrefu mno, kana kwamba wameshajua kuna mkono utakaokuja. Na filamu ilipotoka, sheria iliyosimamia majaribio ya wanyama Uingereza bado ilikuwa ile ya mwaka 1876. Mpya ilikuja mwaka 1986. Mimi si mpinzani wa kila utafiti. Dawa ninazowapa wanyama zilijaribiwa kwa wanyama, na siwezi kuzishika mkononi huku najifanya sijui. Ndiyo maana nataka watu waitazame filamu hii mpaka mwisho. Anayefumba macho pale kwenye tangi hawezi kuzungumza nami juu ya jambo hili.

Kuhusu mwisho: kama hutaki kuujua, ruka aya zilizobaki.

Mbwa wanafika baharini wakiwa wamezingirwa na askari. Wanaingia majini, wanaogelea kuelekea kisiwa ambacho huenda kipo, huenda hakipo. Ukungu unawameza. Katika riwaya wanaokolewa; katika filamu huonyeshwi. Wimbo unaanza na majina ya waliotengeneza yanapita. Hapa ndipo watu wanawahi kuzima, na hapa ndipo nakuomba usizime, kwa sababu majina yakiwa yanapita, kisiwa kinaonekana. Wamekifikia au hawakukifikia, filamu haisemi. Usikimbilie kumwuliza mwenzako, "Unadhani wamepona?" Nyamazeni kidogo.

Mtoto wa dada yangu alipofikisha miaka 19 alikuja mwenyewe kuniambia anataka kuimaliza. Nilimwuliza mara mbili. Tuliitazama Jumamosi mchana, madirisha yakiwa wazi, toleo refu, maandishi ya chini yakiwa yamewashwa. Kwenye tangi hakunishika mkono, ila nilimwona ameukunja mguu chini ya kiti. Mbwa walipoingia baharini akasogea mbele. Snitter alikuwa anaishiwa nguvu, na Rowf ndiye aliyekuwa akimhimiza aendelee kuogelea.

"Mjomba," akasema polepole, bila kuondoa macho, "safari hii ameingia majini mwenyewe."

Sikumjibu. Tukaacha majina yapite.