Kupunguza athari kwa mazingira unapojenga nyumba juu ya karakana ya treni: mwongozo wa hatua kwa hatua

Hong Kong, ambako ardhi tambarare ni haba, imekuwa ikijenga nyumba juu ya karakana za treni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, pale majengo 41 ya Telford Gardens yaliposimamishwa juu ya karakana ya Kowloon Bay. Baadaye ilifuata LOHAS Park juu ya karakana ya Tseung Kwan O, na sasa zamu imefika kwa karakana ya Siu Ho Wan katika kisiwa cha Lantau, eneo la hekta zipatazo 30 ambako zimepangwa nyumba zipatazo 20,000, takriban nusu yake zikiwa za ruzuku. Ninaitumia Siu Ho Wan kama mfano kwa sababu karibu matatizo yote ya ujenzi wa aina hii yamekutana pale: treni za laini tatu zinalala na kutengenezwa hapo, barabara kuu ya North Lantau inapita ubavuni, mtambo wa kusafishia majitaka ni jirani, uwanja wa ndege wa Chek Lap Kok hauko mbali, na karibu yake kuna ghuba ya Tai Ho yenye mikoko na nyasi za baharini.

Jambo moja linaongoza mwongozo huu wote. Kinga yenye nguvu ni ile inayowekwa kabla slabu ya kuifunika karakana haijamwagwa. Zege likishakauka na watu wakishahamia juu, reli haziwezi tena kung'olewa ili ziwekewe mpira, nguzo haziwezi kukatwa ili ziwekewe springi, na kinachobaki ni kubadilisha madirisha ya wakazi mmoja baada ya mwingine. Kwa sababu hiyo hatua zifuatazo nimezipanga kwa kufuata wakati ambapo kila uamuzi unafungwa.

Hatua ya 1: Ijue karakana usiku

Karakana ya treni za abiria haifanani na kituo. Mchana huwa imetulia kwa kiasi, kwa kuwa treni ziko njiani. Baada ya saa sita usiku treni zinaanza kurudi moja baada ya nyingine, zinaoshwa, zinakaguliwa, breki zinajaribiwa, na kabla ya alfajiri zinatoka tena. Maana yake ni kwamba shughuli nyingi za karakana zinaangukia saa zilezile ambazo mkazi wa juu amelala. Vipimo vilivyochukuliwa saa nne asubuhi havitakusaidia.

Chora ramani ya kila chanzo cha kelele na mtetemo: pointi ambapo treni zinabadilisha njia, kona kali ambapo magurudumu hutoa mlio, mtambo wa kuoshea treni, mashine ya kukerezea magurudumu, kompresa, njia ya majaribio, feni za kutoa hewa, na injini za dizeli za treni za matengenezo. Kwa kila chanzo andika saa zake za kazi, si ukali wake tu. Pointi zinastahili uangalifu wa pekee, kwa sababu gurudumu linaporuka pengo la reli hutoa pigo, na pigo husafiri ndani ya zege vizuri kuliko mngurumo wa kawaida.

Hatua ya 2: Geuza sheria kuwa namba za usanifu

Huko Hong Kong sheria ya tathmini ya athari kwa mazingira ilianza kutumika tarehe 1 Aprili 1998, na karakana ya reli imo katika orodha ya miradi isiyoweza kujengwa bila kibali cha mazingira. Kwa kelele zinazotoka nje, kikomo hutegemea daraja la eneo (A, B au C, kuanzia lililo tulivu hadi lenye kelele). Eneo la daraja B, kwa mfano, lina desibeli 65 mchana na jioni, na 55 kuanzia saa tano usiku hadi saa moja asubuhi, zikipimwa kama wastani wa nusu saa kwa kipimo A, kile kinachofuata usikivu wa sikio la binadamu. Kwa reli kuna kikomo cha ziada cha usiku: hakuna tukio moja linaloruhusiwa kuzidi desibeli 85. Kelele inayopita ndani ya nguzo na kuta za jengo inatakiwa iwe chini ya kikomo cha kawaida kwa desibeli 10, na mitambo mipya isiyohamishika hupangiwa desibeli 5 chini ya kikomo.

Msomaji aliye Dar es Salaam atashughulika na chombo cha taifa cha mazingira (NEMC) chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na wa Nairobi na mamlaka ya mazingira ya Kenya (NEMA) chini ya sheria ya mwaka 1999. Namba zitabadilika, lakini kazi ni ileile ya kuhakikisha kwamba namba hizo zinaingia kwenye michoro ya mhandisi wa majengo tangu siku ya kwanza, badala ya kubaki kwenye ripoti.

Angalia jinsi namba zinavyojumlishana. Feni moja inayoleta desibeli 45 kwenye dirisha la mkazi inaonekana haina neno. Feni kumi za namna hiyo, zote zikiwa umbali uleule, zinaleta 55, ambacho ndicho kikomo chenyewe cha usiku cha daraja B, na tayari umevuka lengo la usanifu la 50. Kwa hiyo kila chanzo kigawiwe sehemu yake ya bajeti ya kelele mapema, na mkandarasi wa mitambo apewe namba hiyo ndani ya mkataba.

Hatua ya 3: Panga majengo kabla ya kupanga kuta za kelele

Weka maegesho, maduka, vyumba vya mitambo na njia za huduma kati ya slabu ya karakana na ghorofa ya kwanza ya makazi. Tabaka hilo linaongeza uzito na umbali, na watu hawalali humo. Majengo marefu yasisimame juu ya pointi wala juu ya mtambo wa kukerezea ikiwa kuna nafasi nyingine, na mahali penye shule pachaguliwe mapema kwa sababu vikomo vyake ni vikali zaidi wakati wa mitihani.

Kisha tazama nje ya karakana. Mahali kama Siu Ho Wan, kufunika karakana kunaweza kumaliza kelele ya treni zilizolala lakini kukamnyanyua mkazi hadi akaona barabara kuu moja kwa moja. Kikomo cha kelele ya barabara kwa makazi mapya ni desibeli 70, zile zinazozidiwa kwa asilimia 10 ya saa yenye magari mengi zaidi. Ncha za majengo zisizo na madirisha zielekezwe barabarani, vyumba vya kulala vigeukie ndani, na balkoni zenye ukingo mzito zitumike pale tu ambapo mpangilio umeshindwa. Kwa ndege, viwango vya mipango vya Hong Kong haviruhusu makazi ndani ya mstari wa NEF 25 (mstari wa ramani unaoonyesha kiwango cha kelele za ndege kinachotabiriwa), na hakuna ukuta unaoweza kurekebisha kosa la kuuvuka mstari huo. Harufu ya mtambo wa majitaka nayo inahitaji umbali na kufunikwa kwa matangi. Dirisha lililofungwa mwaka mzima si suluhisho ninaloweza kulipendekeza.

Hatua ya 4: Zuia mtetemo kwenye reli, kisha kwenye nguzo

Hii ndiyo hatua inayostahili fedha na muda kuliko nyingine zote. Mtetemo wa gurudumu unapita kwenye reli, taruma, kokoto na zege, unapanda kwenye nguzo, na chumbani unasikika kama mvumo mzito. Mkazi hawezi kuukinga kwa kufunga dirisha, kwa sababu unatoka kwenye kuta za chumba chake mwenyewe.

Anza na vilivyo rahisi: reli zilizounganishwa kwa kuchomelewa, uso wa reli unaosagwa ukiwa bado laini, magurudumu yanayokerezwa kabla hayajapata bapa, mafuta kwenye kona, na mwendo mdogo. Baada ya hapo weka tabaka laini: vikalio vya mpira chini ya reli, mkeka wa mpira chini ya kokoto, au, pale penye mahitaji makubwa, slabu ya reli inayoelea juu ya mpira au springi.

Kanuni ya kuchagua ni nyepesi, na kila msanifu anapaswa kuijua. Chukua kiasi ambacho springi inabonyea chini ya mzigo, kwa milimita, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha gawa 15.8 kwa jibu hilo. Utapata hezi, yaani mitetemo kwa sekunde, ambazo mfumo huo unatetema wenyewe. Mfumo unaobonyea milimita 2.5 hutetema kwenye hezi 10. Kinga huanza kufanya kazi juu ya mara 1.4 ya namba hiyo, yaani juu ya hezi 14 hivi, na huimarika kadiri masafa (hezi za mtetemo) yanavyopanda. Karibu na hezi 10 zenyewe, mfumo huo unaongeza mtetemo. Ndiyo maana ni lazima upime kwanza mtetemo wa karakana uko kwenye masafa gani na slabu za vyumba zinatetema kwa masafa gani, kwani mpira ulionunuliwa bila vipimo hivyo unaweza kuharibu pale ulipotarajiwa kutengeneza.

Pale ambapo reli haziwezi kuguswa kwa sababu karakana inafanya kazi, springi huwekwa kati ya nguzo za jukwaa (slabu inayofunika karakana) na jengo la juu. Njia hii ni ghali na inahitaji kuachwa nafasi ya kutosha kuingiza jeki, ili mpira uliochakaa ubadilishwe.

Hatua ya 5: Hewa, maji na udongo

Karakana iliyofunikwa hukusanya joto la viyoyozi vya treni na moshi wa injini za dizeli. Acha pande wazi kwa upepo kadiri kelele inavyoruhusu, na matundu ya feni yatazame mbali na madirisha, viwanja vya watoto na milango ya hewa safi ya majengo. Injini za matengenezo za betri zinaondoa sehemu kubwa ya tatizo hili.

Maji ya kuoshea treni yana sabuni, mafuta na vumbi la breki. Yasafishwe na kutumika tena, na sakafu za karakana zimwage maji yake kwenye chemba za kutenganisha mafuta kabla ya bomba la majitaka. Maji ya mvua ya juu ya jukwaa yawe na mfereji wake. Kama unataka miti halisi juu ya slabu, na mimi nakuhimiza uitake, tenga udongo wa kina cha mita 1.2 tangu kwenye hesabu za mwanzo: udongo uliolowa wa tani 1.8 kwa mita ya ujazo utaweka takriban tani 2.2 kwenye kila mita ya mraba, na nguzo ambazo hazikuandaliwa kwa uzito huo zitakubali nyasi peke yake.

Hatua ya 6: Jenga bila kuumiza

Chimba sampuli za udongo kabla ya msingi, kwa sababu karakana yoyote iliyotumika kwa miaka huenda ina dizeli, grisi na metali nzito ardhini. Chagua nguzo za msingi za kuchimbwa badala ya kupigiliwa. Lori lioshwe magurudumu kabla ya kutoka, marundo yafunikwe, na njia za vumbi zinyunyiziwe maji. Mahali penye mto na ghuba kama Tai Ho, ambako mto umelindwa kama eneo la thamani ya kisayansi tangu 1999, mashimo ya kutuliza tope yawe tayari kabla ya msimu wa mvua, sio baada ya tope kufika kwenye mikoko.

Mgongano mkubwa uko kwenye saa za kazi. Usalama wa reli unataka kazi za juu ya njia zifanyike usiku, umeme ukiwa umezimwa. Sheria ya kelele ya Hong Kong inataka kibali maalumu kwa kazi za mitambo kuanzia saa moja jioni hadi saa moja asubuhi na siku za mapumziko. Suluhisho ni kutumia boriti na vipande vya slabu vilivyotengenezwa kiwandani, ili usiku kreni inyanyue na kuweka tu, na kukata, kutoboa na kumwaga zege kufanyike mchana juu ya kipande ambacho tayari kimekuwa paa la kinga kwa treni zilizo chini.

Hatua ya 7: Wahesabu wakazi wa kwanza

Mradi wa nyumba 20,000 hujengwa kwa awamu, na familia za awamu ya kwanza zitaishi miaka mingi pembeni ya ujenzi wa awamu zinazofuata. Wahesabu kama wapokeaji wa kelele na vumbi kuanzia tathmini ya mwanzo; huko Hong Kong kikomo cha ujenzi mchana kwa makazi ni desibeli 75. Panga awamu ili jengo lililokamilika liwe kinga ya linalokaliwa, na slabu nzima ya kufunika karakana itangulie majengo popote inapowezekana. Mfuatiliaji wa vipimo awepo kwa niaba ya mkandarasi, na mkaguzi huru aajiriwe kwa mkataba tofauti.

Hatua ya 8: Pima kabla ya kukabidhi, kisha linda ulichojenga

Pima mtetemo kwenye slabu tupu treni zikipita chini, pima tena jengo likifikia ghorofa chache za kwanza, na pima chumbani kabla ya funguo kutolewa. Kipimo cha kwanza ndicho chenye thamani kubwa, kwa kuwa bado kinaruhusu kubadilisha mpira wa jengo linalofuata. Msimamizi wa majengo apewe ramani ya kila springi na kila pengo linalotenga jengo na jukwaa, pamoja na masharti kwa mafundi wa baadaye. Bomba moja la chuma lililofungwa kwa nguvu pande zote mbili za pengo, au zege lililodondokea ndani yake wakati wa ukarabati, linatosha kupitisha mtetemo hadi chumbani. Mapengo hayo yakaguliwe kwa tochi kila mwaka, na kila bomba linaloyavuka liwe na kiungo cha mpira.