Dharura ya meno: kipi hakingoji kesho, uende wapi na ufanye nini ukiwa njiani

Kabla hata hujatafuta dawa jiulize maswali mawili, nimevimba? na je nameza na kupumua kawaida? Najua jino likikushika unawaza maumivu tu, kichwa kinagonga huwezi hata kulaza shavu kwenye mto, ila kwenye meno kinachoua sio maumivu, ni uvimbe unaosambaa. Mtu anaweza kulizwa na jino usiku kucha na asubuhi akatibiwa vizuri akarudi nyumbani, na mwingine haumwi sana ila shavu linazidi kujaa na shingo imeanza kukaza, huyu wa pili ndo wa kumkimbiza.

Kwa hiyo ukiona mate hayamezeki mpaka yanachuruzika, sauti imebadilika, chini ya ulimi pamevimba na ulimi umepanda juu, mdomo haufunguki hata upana wa vidole viwili, uvimbe umeshuka shingoni au umepanda mpaka jicho linafumba, au una homa na kutetemeka, usianze kutafuta kliniki ya meno. Nenda hospitali yenye kitengo cha dharura cha masaa 24, sasa hivi. Usaha wa magego ya chini unaweza kushuka chini ya ulimi na kidevu, ulimi ukasukumwa juu na nyuma mpaka njia ya hewa ikaziba, na hii kitu inaenda kwa masaa, sio kwa wiki. Daktari mmoja Mjerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, aliieleza tangu 1836 na mpaka leo ugonjwa unaitwa kwa jina lake, sema siku hizi unatibika mtu akifika mapema. Ukiwa njiani kaa wima usilale chali, na usile wala kunywa kitu maana inawezekana wakahitaji kukupa dawa ya usingizi. Mwenye kisukari au anayetumia dawa zinazoshusha kinga asisubiri mpaka dalili zote hizo zitimie, uvimbe tu unatosha kumpeleka siku hiyo hiyo.

Ukipigwa au kuanguka ukazimia, unatapika, au ukifunga mdomo meno ya juu na ya chini hayakutani kama zamani, hapo pia ni hospitali kwanza, taya linaweza kuwa limevunjika. Meno yatafuata.

Sasa jino lililong'oka lote zima kwa ajali, hapa naomba usome taratibu maana dakika zinahesabika na wengi wanalipoteza jino kwa kulisafisha sana. Liokote kwa kushika sehemu nyeupe ya kutafunia, usiguse mzizi. Juu ya mzizi kuna utando mwembamba wenye chembe hai ambazo ndo zinalishikisha jino na mfupa, zikikauka zinakufa, yani dakika 30 tu za kukaa kavu zinaua nyingi na ikipita saa 1 nafasi ya jino kushika vizuri tena inakuwa ndogo sana. Kwa hiyo usilisugue, usilifute, usilifunge kwenye tishu. Kama lina uchafu lisuuze kwa maziwa au maji safi ya baridi sekunde chache tu, sio zaidi ya 10, liangalie upande wa mbele uwe mbele, afu lirudishe kwenye tundu lake kwa kulisukuma polepole mpaka liwe usawa na wenzake, ng'ata kitambaa safi lisitoke na uondoke kwenda kwa daktari wa meno. Ndio, wewe mwenyewe unaweza kulirudisha, na ukiweza kufanya hivyo pale pale ndo bora kuliko kitu kingine chochote.

Ukishindwa au mgonjwa hajitambui, liweke kwenye maziwa ya baridi. Hakuna maziwa? Ateme mate kwenye kikombe uliweke humo. Mtu mzima mwenye akili zake timamu anaweza kulibana ndani ya shavu, mtoto hapana atalimeza. Usiliache kwenye maji ya kawaida, zile chembe zinavimba na kupasuka. Daktari atalifunga na meno ya jirani kwa waya laini, mara nyingi wiki 2 hivi, na kwa mtu mzima kwa kawaida atatibu na mzizi baadae. Hata ikipita saa nenda nalo tu, yeye ndo aamue.

Meno ya utoto hayarudishwi, narudia hayarudishwi, maana unaweza kuumiza jino la ukubwani linalojitengeneza ndani ya taya karibu na mzizi wake. Mtoto mpeleke tu akaangaliwe. Na kama jino halionekani popote na mtu anakohoa kohoa au anapumua kwa shida, hospitali, huenda amelivuta kwenye mapafu.

Jino lililovunjika kipande, kitafute kipande ukiweke kwenye maziwa, mara nyingine kinagundishwa. Angalia pale lilipovunjika, ukiona kidoti chekundu katikati ujue kiini (nyama laini yenye mishipa iliyo ndani ya jino) kiko wazi, hiyo ni ya leo. Kona ndogo tu imeruka na hakuna maumivu, siku moja mbili haina shida.

Damu baada ya kung'olewa jino inawatisha watu kwa sababu ikichanganyika na mate inaonekana nyingi kuliko ilivyo. Kunja shashi au kitambaa safi kiwe kinene, kilowanishe kidogo, kiweke juu ya shimo lenyewe na ung'ate kwa nguvu dakika 20 mpaka 30 bila kufungua kuchungulia (hapo ndo wengi wanapokosea, kila dakika mbili anatoa kuangalia na anavuruga kidonge cha damu kilichokuwa kinaganda). Usisukutue, usiteme teme, usivute sigara. Mfuko wa majani ya chai uliolowanishwa nao unasaidia kugandisha. Ukirudia mara ya pili na bado inatiririka, au unatumia dawa za kuyeyusha damu, rudi kwa aliyekung'oa au nenda dharura, na hizo dawa usiziache mwenyewe bila kuuliza.

Haya, maumivu ya usiku ambayo hayana uvimbe wala homa. Kwa mtu mzima asiye na tatizo, paracetamol miligramu 1000 pamoja na ibuprofen miligramu 400 baada ya chakula zinafanya kazi vizuri zikiwa pamoja kuliko moja peke yake. Paracetamol usizidishe miligramu 4000 kwa masaa 24, na angalia dawa za mafua maana nyingi zina paracetamol ndani yake. Ibuprofen sio ya mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu, mjamzito, au mwenye pumu ambayo dawa hizo zinaiamsha. Mtoto asipewe aspirin. Na tafadhali usiweke kidonge cha aspirin juu ya ufizi, kinaunguza nyama na unaamka una kidonda juu ya jino bovu. Lala kichwa kikiwa juu, weka kitu cha baridi nje ya shavu, usiweke cha moto.

Kuhusu antibayotiki niseme wazi, hazitibu jino linalouma. Usaha umejifungia ndani ya jino na kwenye mfupa, dawa haifiki vizuri pale, lazima jino lifunguliwe au ling'olewe usaha utoke. Ukinunua mwenyewe unapata nafuu siku kadhaa afu unarudi pabaya zaidi. Na jino lililokuwa linauma sana likanyamaza ghafla bila matibabu halijapona, mara nyingi kiini ndo kimekufa, na usaha unaanza kimya kimya.

Ukipiga simu kliniki piga mapema wakifungua tu, wengi huacha nafasi za dharura na huwa zinaisha asubuhi. Usiseme tu "jino linaniuma", watakupa tarehe ya wiki ijayo. Sema hivi: "Nina uvimbe shavu la kulia tangu jana, unaongezeka, sijalala, dawa za maumivu hazishiki, naweza kuonwa leo?" Taja homa kama ipo, taja ujauzito, kisukari, moyo, aleji. Wakikosa nafasi waulize wanakuelekeza wapi, na uombe wakupigie kama kuna mtu ataghairi. Kama hakuna kliniki, jaribu chuo kinachofundisha madaktari wa meno, vingi vina huduma ya dharura.

Kama unaenda kliniki ya kawaida kwa ganzi, kula kwanza, ni tofauti na yule mwenye uvimbe mkubwa niliyemtaja juu. Beba dawa zote unazotumia hata kwa picha ya simu. Penye usaha ganzi wakati mwingine haishiki sawasawa, kwa hiyo kabla hawajaanza kubalianeni na daktari kwamba ukiinua mkono anasimama, na ukisikia maumivu inua kweli usivumilie, ataongeza au atachoma sehemu nyingine. Kabla hujatoka muulize kafanya nini leo na nini kimebaki, kwa sababu kufungua jino kutoa usaha ni nusu ya kazi, mzizi ukiachwa na kiziba cha muda miezi kadhaa wadudu wanarudi. Pata tarehe ya kumalizia kabisa kabla hujaondoka, na kama baada ya siku 2 uvimbe haujaanza kushuka usingoje hiyo tarehe, rudi.