Kupima dawa ya vijiwe vya figo maabara: anza na maji

Bibi mmoja wa Shela alinijia na chupa ya dawa yake, ndevu za mahindi zilizochemshwa, akitaka kujua kama kweli inazuia vijiwe vya figo. Kipimo si kigumu. Maabara ndogo ya Lamu au Malindi inakiweza. Mimi kilinilia siku tatu, na zote ziliishia hatua ya pili.

Vijiwe vingi ni vya kalsiamu oksaleti. Tunaitengeneza ndani ya kichupa, kisha tunaangalia dawa inaizuia kiasi gani.

1. Dawa. Anika kivulini, saga, chemsha, chuja kwa karatasi ya kuchujia. Kitambaa cha jikoni hakifai.

2. Maji na sifuri (kichupa cha kuanzia kusoma, kinachoondoa rangi ya dawa yenyewe). Bibi alichemshia maji ya kisima. Visima vyetu vimechimbwa kwenye mchanga na matumbawe, na matumbawe ni kalsiamu kaboneti, kwa hiyo dawa ilikuja na kalsiamu yake. Nilipoitia oksaleti peke yake, bila kalsiamu yangu, ilichafuka kama maji ya kuoshea mchele. Kabla ya kuliona hilo, vipimo vilionyesha dawa inaongeza fuwele, na nusura nimwambie mama wa watu dawa yake inaleta vijiwe! Chemsha upya kwa maji yaliyokenekwa. Hata hivyo kuna rangi: mchemsho wa majani ni wa kahawia, una ukungu, nao huzuia mwanga. Kwa kila kiwango cha dawa tengeneza kichupa chake chenye dawa na bafa (maji yanayoshikilia pH isiyumbe) bila oksaleti, hicho ndicho sifuri yako. Sifuri moja ya maji kwa vichupa vyote haikubaliki. Pima pia pH, yaani kiwango cha uchachu, baada ya kutia dawa, si kabla, irudi 6.5. Ukipima rosela, ambayo ni chachu sana, utaelewa kwa nini.

3. Kuchanganya. Bafa ya Trisi yenye chumvi, pH 6.5. Kalsiamu kloraidi milimoli 5 kwa lita, sodiamu oksaleti 7.5. Mikrolita 950 za kalsiamu, 100 za dawa, mwisho 950 za oksaleti. Vaa glavu, oksaleti ni sumu. Weka nyuzi 37. Kichupa kimoja kisiwe na dawa, kingine kiwe na potasiamu sitreti, ambayo madaktari huitumia kuzuia vijiwe, upate cha kulinganisha.

4. Kusoma. Spektrofotomita, kifaa kinachopima mwanga unaozuiwa na kimiminika, kwenye nanomita 620. Usomaji wa bila dawa toa usomaji wa dawa, gawanya kwa ule wa bila dawa, zidisha kwa 100.

5. Hadubini. Namba pekee siiamini. Fuwele zikishikana huzama chini, mwanga unapita, nawe utadhani dawa imezuia. Tikisa, weka tone kwenye kioo, uhesabu. Kalsiamu oksaleti ina aina mbili za fuwele hapa: zenye umbo la bahasha ni za dihaidreti. Za mviringo au zilizobonyea katikati ni monohaidreti, ambazo hung'ang'ania zaidi seli za figo. Andika kila umbo kivyake.

Bibi alichungulia akauliza, "Mwanangu, ndiyo haya yamkatayo mtu kiuno?" Nikamwambia ndiyo, Bibi, yakishikana. Nikamwambia pia kwamba kichupa si figo, na mwenye homa na maumivu ya kiuno apelekwe hospitali siku hiyohiyo.