Kuing'oa Python 2 bila kuua mashine

Nianze na fedheha yangu. Siku moja hapa dukani Chake Chake niliandika amri ya kuondoa programu, sudo apt-get remove 'python*', nikabonyeza Y bila kusoma orodha. Ile nyota (*) ikaikumba na Python 3, lugha ya programu ambayo nusu ya Ubuntu, mfumo endeshi wa mashine yangu, inaitegemea. Terminali nilipoifunga haikufunguka tena, eneo-kazi lote likaenda. Ikabidi nibonyeze Ctrl+Alt+F3, niingie kwenye kioo cheusi, nisakinishe ubuntu-desktop upya kwa bando la simu iliyochomekwa waya. Bando likaisha, nikanunua jengine.

Kwa hiyo nyota hapana. Unayemtafuta ni Python 2 peke yake, ambaye matunzo yake yalikoma tarehe 1 Januari 2020. Ubuntu 20.04 ukiisakinisha upya haiji naye, lakini mashine iliyoanza na 16.04 ikapandishwa ngazi kwa ngazi huwa bado imembeba. Maalim mmoja wa Wete aliniletea ya namna hiyo.

Kwanza fanya jaribio la uongo:

sudo apt-get -s remove python2.7-minimal

Hiyo -s haigusi kitu, inakuonesha tu. Soma kila mstari unaoanza na Remv, yaani kitakachoondolewa. Ukiona python3 au ubuntu-desktop humo, simama hapo hapo.

Pili, tafuta skripti (programu ndogo ndogo) zinazomtumia:

grep -rIl '^#!.*python' /usr/local/bin /etc /home

Fungua kila faili utakayotajiwa. Mstari wa kwanza ukiishia python3, iache. Ukiishia python tupu au python2, ndiyo hiyo.

Ya maalim ilikuwa moja tu, ya kupigia wastani wa alama za skuli. Nikabadilisha mstari wa kwanza kuwa #!/usr/bin/python3, na print "Jumla" ikawa print("Jumla"). Ikakimbia. Ila usiridhike kwa kuwa imekimbia, linganisha majibu na ya zamani. Mtoto mwenye jumla ya 255 kwa masomo 4 alikuwa na wastani wa 63; sasa akatoka na 63.75. Hakuna kilichoharibika: Python 2 ikigawa namba nzima kwa namba nzima huzikata desimali, Python 3 huzibakisha. Ukitaka hesabu ya zamani, weka // badala ya /.

Yote yakikaa sawa, rudia ile amri ya jaribio la python2.7-minimal bila -s, na badala ya remove andika purge. Autoremove, ile ya kufagia vifurushi visivyohitajika tena, nayo uijaribu kwa -s kabla. Ukija kujuta, /var/log/apt/history.log ina jina la kila kilichotoka.

Maalim nilipomuuliza aweke mkwaju mmoja (/) au miwili (//), aliiangalia ile 63.75 kimya, kisha akasema, "Iache hivyo hivyo. Ila hawa wa mwaka jana niwaambieje?"